Aliyehesabu bolti za daraja: mwandishi wa habari au shahidi tu?

#1 Mpita Daraja

Wakuu, habari zenu. Kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, nimeona nilimwage hapa.

Nina blogu, huu mwaka wa sita. Siandiki umbea. Naandika vitu ninavyopita navyo kila siku: mtaro ulioziba, taa za barabarani zisizowaka, daraja la waenda kwa miguu ninalovuka asubuhi na jioni. Mwezi uliopita nikiwa juu ya daraja hilo niliegemea kingo nikaona zinacheza. Nikainama. Kila nguzo ya kingo imekaa juu ya kisahani cha chuma chenye matundu 4 ya bolti. Nguzo 6, matundu 24. Matundu 11 hayakuwa na kitu. Nikapiga picha kila tundu, nikiweka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, nikaandika na kuchapisha usiku uleule.

Siku tatu baadaye gazeti moja likatoa "bolti 11 za daraja zaibwa". Picha zangu, sarafu yangu, jina langu halipo. Nikampigia mwandishi kwa upole kabisa. Akanijibu: "Kaka, wewe ulikuwa shahidi. Mwandishi wa habari ni mimi." Halafu ofisi inayohusika na daraja ikaita waandishi kutoa maelezo. Nilifika, nikarudishwa mlangoni kwa sababu sina kitambulisho.

Swali langu: mwanablogu anayefanya kazi hii anafanya uandishi wa habari, au ni shahidi mwenye intaneti? Naomba hoja, pole sihitaji.

#2 Nyundo

Uandishi wa habari ni kazi, si kadi. Uliona, ukahesabu, ukapiga picha, ukachapisha kwa jina lako. Yule mwenye kadi alinakili. Sasa nani mwandishi hapo?

#3 Mhariri Mstaafu

Kijana, kukunyima jina ni wizi, hilo halina mjadala. Ila yale maneno ya yule bwana usiyatupe yote.

Nimekaa meza ya uhariri miaka mingi. Kinachotofautisha habari na taarifa ni mtu wa pili. Kwenye chumba cha habari lazima awepo mtu anayesoma kazi yako akiwa na nia ya kuikataa. Nani kasema? Umejuaje? Anayelaumiwa umempa nafasi ya kujibu? Wewe ulichapisha usiku uleule. Ofisi ya daraja uliipigia?

#4 Mpita Daraja

Sikuipigia, mzee. Ilikuwa saa nne usiku.

#5 Mhariri Mstaafu

Daraja lisingehama hadi asubuhi, mwanangu.

#6 Nyundo

Mzee huyo anauma na kupuliza 😂

Ila mzee, na yule mwandishi wa gazeti alikuwa na mhariri wake, na mtu wa pili akapitisha picha zisizo zao. Huyo mtu wa pili siku hiyo alilala?

#7 Binti wa Wino

Jamani, hili suala lina historia. Blogu zilianza vita vya Iraq, 2003. Kijana mmoja wa Baghdad akijiita Salam Pax alikuwa anaandika kuhusu mabomu, bei ya vitu kupanda, ndugu kujazana nyumba moja. Waandishi wa nje walikaa hotelini, yeye alikuwa kwao. Dunia ikamsoma. Hakuwa na kadi.

#8 Dira

Dada, umesema vizuri ila tuweke tarehe sawa. Blogu hazikuanzia Iraq. Neno "weblog" ni la Jorn Barger, 1997. Peter Merholz akalivunja kwa mchezo likawa "blog" 1999, na mwaka huohuo, Agosti, ikatoka huduma ya Blogger, mtu yeyote akaweza kuchapisha bila kujua kuandika programu za kompyuta. Salam Pax alianza 2002, kabla ya vita. Na usisahau mwisho wa hadithi: 2003 hiyohiyo gazeti la Guardian la Uingereza lilimpa safu. Yaani alianza shahidi, akaishia mwandishi wa gazeti, na mtu ni yuleyule.

#9 Binti wa Wino

Asante kwa masahihisho, Dira. Basi hoja yangu imezidi nguvu. Kama mtu ni yuleyule na maandishi ni yaleyale, kilichobadilika siku alipopewa safu ni nini? Mshahara?

#10 Mhariri Mstaafu

Mhariri.

#11 Tarishi

Naona mnavutana mhariri yupo au hayupo. Kulikuwa na watu walioweka vyote viwili. Korea Kusini, Februari 2000, Oh Yeon-ho alianzisha OhmyNews na raia 727 wa kujitolea. Kauli mbiu yao: kila raia ni mwandishi wa habari. Sehemu kubwa ya habari ziliandikwa na watu wa kawaida, lakini ofisini kulikuwa na wahariri wa kuajiriwa wanaosoma, kuhakiki na kukataa. Mwandishi alilipwa kidogo tu. Na haikuwa kazi ya mchezo: Roh Moo-hyun aliposhinda urais mwishoni mwa 2002, mahojiano ya kwanza kabisa aliwapa wao.

Kwa hiyo raia na mhariri si maadui.

#12 Fundi Chuma

Mimi siandiki blogu, nachomelea. Mleta mada, swali dogo. Daraja lina kingo pande mbili. Matundu 24 ni ya upande mmoja au pande zote?

#13 Mpita Daraja

Upande mmoja, ule ninaopita. Kusema kweli upande wa pili sikuuhesabu.

#14 Fundi Chuma

Basi hujahesabu bolti za daraja. Umehesabu za upande mmoja.

Na la pili. Yale matundu 11, ulitazama kama yana alama ya washa, ile pete ya chuma inayokaa chini ya bolti? Bolti ikiwa imefungwa siku ya kupaka rangi, ukija kuitoa utakuta mduara usio na rangi, chuma kitupu au kutu. Ukikuta rangi imeingia hadi ndani ya tundu na hakuna mduara, hiyo bolti siku ya rangi haikuwepo. Wizi na kutofungwa ni vitu viwili tofauti kabisa.

#15 Nyundo

Mhariri tumempata, kumbe ana miwani ya kuchomelea.

#16 Mhariri Mstaafu

Huyo #14 ningemwajiri leo.

#17 Mpita Daraja

Fundi, nimesoma mara tatu. Picha zangu hazionyeshi vizuri, nilipiga na mwanga wa simu usiku. Nitarudi darajani kukiwa na jua. Endeleeni.

#18 Kitasa

Nimekwama kwenye hilo neno "shahidi" analolidharau yule mwandishi. Desemba 2007 baada ya uchaguzi wa Kenya, matangazo ya moja kwa moja ya habari yalipigwa marufuku. Ory Okolloh alikuwa na blogu yake, Kenyan Pundit. Watu wakaanza kumtumia taarifa za kinachotokea walipo, zikamzidi. Akaandika kwenye blogu akiuliza kama kuna wataalamu wa programu wa kutengeneza ramani ambayo kila taarifa itawekwa mahali ilipotokea. Januari 2008, kwa siku chache tu, wachache wakaitengeneza. Mtu alituma ujumbe wa simu au aliandika mtandaoni, tukio likaonekana kwenye ramani.

Wakaiita Ushahidi. Kwa Kiswahili chetu. Hawakuona haya kuwa mashahidi. Kwangu mimi shahidi ndiye wa kwanza, mwandishi anakuja baada yake.

#19 Mhariri Mstaafu

Kitasa, sikudharau shahidi. Hata mahakamani shahidi ana heshima yake kubwa, lakini anahojiwa. Hukumu haiandikwi na yeye. Na hao wa Ushahidi wenyewe waligundua mapema kwamba kazi ngumu ni kujua taarifa ipi ni ya kweli.

#20 Msomaji Kimya

Huwa sichangii, nasoma tu. Leo nachangia kwa sababu hili limenigusa.

Mwanablogu mmoja aliandika kwamba shemeji yangu alimgonga mtu kwa gari na kukimbia. Aliweka picha ya gari, namba ikiwa imeonekana nusu. Gari la shemeji lilikuwa rangi ileile na herufi mbili za mwisho zilifanana. Basi. Hakumpigia mtu. Watu walikuja nyumbani. Watoto waliacha kwenda shule wiki nzima. Baada ya siku tatu aliyegonga alipatikana, mtu mwingine kabisa, na yule mwanablogu akafuta bandiko. Hakuandika hata mstari mmoja wa kusema nilikosea. Alifuta tu. Picha za skrini bado zinazunguka mpaka leo, na hakuna mahali pa kumwonyesha mtu kwamba ilisahihishwa, kwa sababu hakuna kilichosahihishwa.

Gazeti lingekuwa na anuani. Ningejua niende wapi kulalamika.

#21 Binti wa Wino

Dada pole sana. Hilo sina la kulijibu.

#22 Dira

Msomaji Kimya, asante kwa kusema. Yaliyowakuta yaliwahi kutokea kwa ukubwa wa kutisha. Baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston, Marekani, Aprili 2013, watu kwenye mtandao wa majadiliano wa Reddit walijipa kazi ya upelelezi kwa picha za umati. Wakamtaja mwanafunzi mmoja aliyekuwa amepotea. Hakuhusika hata kidogo, na baadaye alikutwa amefariki. Familia yake ilikuwa inamtafuta mtoto, ikajikuta inatukanwa na dunia nzima. Uongozi wa Reddit ukaomba radhi hadharani.

Na Oktoba 2008, kwenye ukurasa wa CNN wa raia ulioitwa iReport, mtu aliandika kwamba Steve Jobs, bosi wa Apple, amepatwa na shambulio la moyo. Uongo. Hisa za Apple zikashuka kwa muda kabla haijakanushwa. Hapo jina kubwa la CNN lilikuwa juu ya ukurasa, mtu wa pili hakuwepo.

#23 Nyundo

Dira, naheshimu, lakini tusiwape wenye kadi utakatifu. Septemba 2004 televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha nyaraka za kijeshi kuhusu Rais George W. Bush, zinazodaiwa kuandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliozikamata ni wanablogu. Walitazama herufi: nafasi kati ya herufi zililingana na upana wa kila herufi, na ile "th" ndogo imepandishwa juu ya mstari kama inavyofanya kompyuta. Taipureta za ofisi nyingi za wakati ule hazikufanya hivyo. CBS ikaja kukiri kwamba haiwezi kuthibitisha kuwa nyaraka hizo ni halali. Januari 2005 mtayarishaji akafukuzwa, wakubwa watatu wakaambiwa wajiuzulu. Wahariri wangapi walizipitisha zile karatasi?

#24 Dira

Sahihi, na umetumia maneno vizuri: haikuweza kuthibitisha. Wengi husema "ilithibitika ni za kughushi", jopo lililochunguza halikufika huko.

#25 Binti wa Wino

Mnasahau seneta Trent Lott wa Marekani. Desemba 2002, sherehe ya miaka 100 ya seneta Strom Thurmond, Lott akatamka maneno ya kutamani siasa za ubaguzi za zamani. Wanablogu ndio walioyagundua, vyombo vikubwa vilikuwepo na havikuona.

#26 Tarishi

Hawakugundua, dada. Sherehe ilirushwa mubashara kwenye televisheni ya C-SPAN, na kuna waandishi walioitaja habari hiyo kwa kifupi ikapita. Walichofanya wanablogu, Josh Marshall akiwa mstari wa mbele, ni kutoiacha. Walifukua matamshi yake ya nyuma, wakarudia kesho, wakarudia keshokutwa, mpaka vyombo vikubwa vikarudi. Tarehe 20 Desemba Lott akaachia uongozi wa chama chake kwenye Seneti.

Kwangu hii ndiyo tofauti ya kweli. Chumba cha habari kina kesho yake: kuna habari nyingine, nafasi imejaa. Mwenye blogu ana jambo lake moja na halimtoki. Mleta mada ana daraja lake.

#27 Binti wa Wino

Leo nimesahihishwa mara mbili, siku njema ya kujifunza.

#28 Sheria Mkononi

Nizungumzie mlangoni, maana mleta mada alirudishwa na hakuna aliyeligusa.

Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ufafanuzi wake namba 34 wa mwaka 2011, aya ya 44, inasema uandishi wa habari ni kazi inayofanywa na watu wa aina nyingi, wakiwemo wanablogu na wanaojichapishia wenyewe. Aya hiyohiyo inasema mfumo wa jumla wa serikali kusajili au kutoa leseni kwa waandishi hauendani na uhuru wa kujieleza. Vibali vinakubalika pale tu panapohitajika kugawa nafasi za kuingia mahali fulani au kwenye tukio fulani, na vigezo vyake viwe vya haki na visivyobagua.

Mahakama nazo zimefika huko. Marekani kuna kesi ya kuchafuliwa jina, kampuni ya Obsidian Finance dhidi ya mwanablogu Crystal Cox. Mwaka 2011 mahakama ya chini ilimwona hana kinga wanazopata waandishi, akahukumiwa kulipa dola milioni 2.5. Januari 2014 mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa 9 ikasema kinga hiyo haitegemei kama mtu amesomea uandishi au ameajiriwa na chombo cha habari. Kesi ikarudishwa isikilizwe upya.

Lakini sikilizeni vizuri, hasa Nyundo. Kinga inakwenda pamoja na kushtakiwa. Mwanablogu wa #20 naye angeburuzwa mahakamani kama gazeti lolote.

#29 Msomaji Kimya

Tulimwendea wakili. Blogu haikuwa na jina la mtu. Tungemshtaki nani?

#30 Sheria Mkononi

Hapo ndipo pagumu, nakubali. Na bahati mbaya jina bandia hilohilo linalomficha mkosaji ndilo linalomlinda anayesema kweli mahali ambapo kweli inaua. Avijit Roy, mwanzilishi wa blogu ya Mukto-Mona, alitumia jina lake halisi. Februari 2015 alikatwakatwa mapanga Dhaka, Bangladesh, akitoka kwenye maonyesho ya vitabu. Raif Badawi wa Saudia alihukumiwa 2014 miaka 10 jela na viboko 1,000 kwa sababu ya blogu.

#31 Kitasa

Na Daphne Caruana Galizia wa Malta. Raia tu na blogu yake, aliandika ufisadi wa wakubwa, 16 Oktoba 2017 akalipuliwa ndani ya gari.

#32 Mhariri Mstaafu

Kitasa, hapo nakusahihisha kwa heshima ya marehemu. Daphne alikuwa mwandishi wa magazeti miaka mingi kabla ya blogu. Blogu aliifungua 2008 akaiendesha peke yake pembeni ya safu yake. Alichapisha bandiko la mwisho muda mfupi tu kabla ya bomu.

#33 Kitasa

Asante mzee. Lakini ona ulichosema: mtu mwenye gazeti, bado alihitaji blogu. Kwa nini?

#34 Mhariri Mstaafu

Swali zuri. Nitakujibu kwa niliyoyaona. Kuna habari mhariri anaikataa kwa sababu haijaiva, na kuna habari anaikataa kwa sababu mwenye matangazo atanuna. Nimewahi kukataa za aina zote mbili. Za aina ya pili nazikumbuka kwa majina mpaka leo.

#35 Nyundo

Mzee, nimekuheshimu zaidi kwa hilo kuliko yote uliyosema juu.

#36 Mtunza Kumbukumbu

Nimechelewa. Mnabishana nani ana haki ya jina, mimi naona chanzo cha haya yote ni njaa. Marekani, kwa hesabu za kituo cha utafiti cha Pew, ajira katika vyumba vya habari vya magazeti zilishuka kutoka karibu 71,000 mwaka 2008 hadi karibu 31,000 mwaka 2020. Wanaoondolewa kwanza ni wale wanaokaa vikao vya halmashauri na kupita madaraja. Mleta mada hakumnyang'anya mtu kazi, ameingia kwenye kiti kitupu.

#37 Tarishi

Kiti kimekuwa kitupu kwa sababu matangazo yalihamia mtandaoni, huko huko kwenye blogu na mitandao. Sijui kipi kimekula kipi.

#38 Kasi Mpya

Samahanini wazee wangu, blogu bado ipo? Watu siku hizi wanarusha video. Darnella Frazier alikuwa na miaka 17, Mei 2020 akamrekodi George Floyd anavyokufa chini ya goti la polisi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema ni tatizo la kiafya. Bila ile simu ingebaki hivyo. 2021 wanaotoa tuzo za uandishi za Pulitzer wakampa heshima maalumu. Hakuandika aya hata moja ya blogu.

#39 Dira

Ni kweli, na kabla yake kuna George Holliday aliyerekodi polisi wakimpiga Rodney King, Machi 1991, kwa kamera ya mkononi akiwa kwenye roshani yake. Tarehe 7 Julai 2005 London ilipolipuliwa, BBC ilipokea kutoka kwa watu wa kawaida picha zaidi ya 1,000 ndani ya saa sita. Picha ya raia haihitaji blogu.

Ila swali la mleta mada ni la mtu anayerudi. Video ni tukio moja. Blogu ina tarehe, ina kiungo cha nyaraka ili msomaji akajionee mwenyewe, ina kumbukumbu ya miaka sita, na ina mahali pa kuandika "nilikosea, hesabu sahihi ni hii". Video ikishakatwa vipande ikasambaa, utasahihisha kipi?

#40 Msomaji Kimya

Hilo la mahali pa kuandika nilikosea ndilo ninalolitaka. Mengine mwite mwandishi, mwite shahidi, sawa.

#41 Binti wa Wino

Nina mfano wa kuogopesha. 2011 kulikuwa na blogu ya msichana wa Damascus aitwaye Amina. Dunia nzima ilimlilia alipodaiwa kutekwa. Kumbe hakuna Amina. Mwandishi alikuwa mwanamume Mmarekani, Tom MacMaster, akisoma Edinburgh, na picha alizotumia ni za mwanamke wa London asiyejua lolote. Safari hii tarehe nimeihakiki, Dira.

#42 Dira

😂 Sina neno, dada. Naongeza tu: waliomfichua walikuwa waandishi na wanablogu pamoja, wakifuatilia anuani za kompyuta na picha. Vyombo vikubwa vilikuwa vimeshamnukuu.

#43 Fundi Chuma

Kuna yule Mwingereza wa silaha za Syria, jina limenitoka.

#44 Tarishi

Eliot Higgins. Alianza 2012 na blogu iitwayo Brown Moses, akiwa nyumbani Leicester. Hakujua Kiarabu, hakuwahi kufika Syria. Alikuwa anatazama video za vita moja baada ya nyingine, anatambua kombora kwa umbo la mkia wake. Julai 2014 akaanzisha Bellingcat, siku chache baadaye ndege ya abiria ya Malaysia, MH17, ikatunguliwa Ukraine, nao wakafuatilia mtambo wa makombora wa Buk barabara kwa barabara kwa kutumia picha za watu wa kawaida.

Huyu anavuruga hoja zote humu. Hakuwa shahidi, hakuwepo. Hakuwa na kadi. Hakuwa na mhariri. Alikuwa na subira tu.

#45 Mhariri Mstaafu

Alikuwa anaonyesha njia aliyopita, kila hatua, ili mwingine aifuate na kumkosoa. Wasomaji wakawa wahariri wake. Naona ninasogea kidogo kutoka pale nilipokuwa #3, lakini sijafika kwa Nyundo.

#46 Nyundo

Njoo taratibu mzee, kiti chako kipo.

#47 Mpita Daraja

Nimerudi darajani jana mchana na leo asubuhi. Nimechukua kitambaa, maji na rula. Nimefuta kila kisahani kabla ya kutazama.

Upande wangu: matundu matupu ni 11, hesabu ya kwanza ilikuwa sawa. Ila 7 yana mduara wa washa kama alivyosema Fundi, chuma kimeshika kutu ya rangi ya chungwa. Manne yana rangi ya kijivu mpaka ndani kabisa, niliingiza njiti ya kiberiti ikatoka safi, hakuna mduara.

Upande wa pili: matundu matupu 5, yote yana mduara.

Jumla matundu 48, matupu 16. Yaani 12 yaliwahi kuwa na bolti, 4 sioni dalili kuwa yaliwahi. Na hayo manne, wakuu, yote ni ya nguzo moja. Nguzo ya nne kutoka ngazini. Nguzo nzima haina bolti hata moja na inaonekana haikuwahi kuwa nayo. Imeshikwa na bomba za kingo tu, kwa jirani zake wa kulia na kushoto.

Gazeti liliandika wezi wa vyuma chakavu. Mimi nilikuwa nimeshaamini.

#48 Fundi Chuma

Umefanya kazi. Hiyo ya nne si wizi, hiyo ni ya siku ya ujenzi.

#49 Sheria Mkononi

Polepole, Fundi. Inawezekana bolti ziliibwa zamani, kisha daraja likapakwa rangi upya? Rangi ingefunika mduara.

#50 Fundi Chuma

Inawezekana, wakili. Ikiwa hivyo, aliyepaka rangi alipitisha brashi juu ya matundu manne matupu akaendelea na safari. Sijui lipi ni baya zaidi. Mleta mada, kwaruza rangi kidogo kwa ukucha, uhesabu tabaka: kwenye tundu na kwenye nguzo nyingine.

#51 Mhariri Mstaafu

Ofisi umepigia?

#52 Mpita Daraja

Nimepiga leo saa tatu, mzee. Wamesema maswali yapelekwe kwa barua. Nimepeleka mwenyewe, nina nakala yenye muhuri wa mapokezi. Nimeuliza mambo matatu: nani alijenga, nani alikagua, lini lilipakwa rangi mara ya mwisho. Nimewapa mpaka Alhamisi kabla sijachapisha habari ya nguzo ya nne. Lile bandiko la zamani nimelirekebisha tayari, hesabu ya kwanza nimeiacha imekatwa mstari na tarehe ya leo pembeni, nimeandika kwamba nilihesabu upande mmoja tu.

#53 Msomaji Kimya

Ahsante kwa kutoifuta.

#54 Nyundo

Subirini. Mpaka Alhamisi ni siku nne. Watoto wanaegemea hizo kingo kila asubuhi. Mzee, hapa kanuni yako ya kusubiri jibu inasemaje?

#55 Mhariri Mstaafu

Nani wa kulaumiwa, asubiri. Kwamba nguzo haijafungwa, hilo amelishika kwa mkono wake, aliseme leo.

#56 Mpita Daraja

Nimeweka picha ya nguzo ya nne sasa hivi, sentensi mbili tu, bila kumtaja mtu. Nimefunga na kitambaa chekundu kwenye nguzo yenyewe. Natoka kwenda kukwaruza rangi kabla jua halijazama.